Mlango uliopakwa rangi: kisa cha mwanafunzi mmoja wa kisomo cha watu wazima, Busia

Mlango wa kibanda chake ndio uliokuwa daftari. Upande wa ndani, kwa mkaa, alichora alama za wadeni wake: gurudumu la kijana wa boda boda, chungu cha mama muuza uji, msalaba wa katekista, kofia ya askari wa zamu. Chini ya kila alama palikuwa na vijistari, kila kijistari gorogoro moja, yaani kopo moja la kupimia, ya dagaa waitwao mukene, na kila duara debe zima. Mteja akilipa, mama anapitisha kidole chenye mate na kijistari kinafutika. Aliendesha biashara hivyo miaka kumi na mmoja, mpaka siku mwenye vibanda alipomtuma fundi apake rangi safu yote, ndani na nje, bila kumwambia mtu. Jioni aliporudi kutoka ng'ambo ya mpaka, mlango ulikuwa wa buluu.

Wiki iliyofuata alikuja darasani kwangu.

Mimi ni mwezeshaji wa kisomo cha watu wazima mjini Busia, upande wa Uganda. Tunafundisha kwa Kiswahili kwa sababu soko letu lina Msamia, Mteso, Mganda, Mjaluo na Wakenya wa kila kabila, na hiyo ndiyo lugha wanayopatania bei. Kwingineko Uganda wapo ambao wakisikia Kiswahili bado wanamkumbuka mwanajeshi na amri zake. Hapa mpakani ni lugha ya kuombana nyongeza. Mwanafunzi ninayemsimulia tulimwita Mama Mukene, kwa biashara yake ya dagaa wa ziwani, ambao jirani zetu wa Kenya huwaita omena. Nami nitamwita hivyo. Ameniruhusu nieleze habari zake, na machache ambayo yangemtambulisha nimeyabadili.

Kisa chake nakiandika kwa ajili ya wawezeshaji wenzangu. Nina hakika kila mmoja wetu ana Mama Mukene wake darasani, mtu mwenye dalili za disleksia, yaani ugumu wa kuunganisha sauti za lugha na herufi zake, na wengi wetu tumemwita mzito.

Sauti kubwa kuliko zote

Miezi mitatu ya kwanza nilimhesabu miongoni mwa wanafunzi wangu bora. Tulisoma kama madarasa mengi yanavyosoma: mwezeshaji anaandika ubaoni, anaelekeza kwa fimbo, darasa linaitikia. Ba, be, bi, bo, bu. Mama anakwenda sokoni. Sauti yake ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Hakukosea hata mara moja. Nilifika mahali pa kumwomba awaongoze wenzake nikichelewa, naye akawaongoza vizuri.

Siku moja nilifuta neno "sokoni" kwenye sentensi ile ya ubaoni nikaandika "shambani", nikataka waone jinsi neno moja linavyobadilisha habari. Nikaelekeza fimbo. Darasa likasita kidogo, kama inavyokuwa kwa neno jipya. Yeye hakusita. "Mama anakwenda sokoni!" alisema peke yake, kwa sauti ile ile. Kijana mmoja akacheka. Mama akavuta leso yake akafunika mdomo, na mpaka darasa likaisha hakuitikia tena.

Nilimwomba abaki. Nilimwekea mbele kile kile kitabu tulichokuwa tumemaliza nusu yake, nikamwonyesha ukurasa wa kumi na mbili. Akaukariri wote. Nikamwonyesha neno moja katikati ya ukurasa huo, nikaziba mengine kwa kiganja. Hakulijua. Nikaziba tena, neno jingine. Hakulijua. Ndipo aliponiambia, macho yakiwa chini: "Mwalimu, mimi kichwa changu kizito. Hata shuleni walisema. Ninachoweza ni kushika kwa sikio."

Kumbe miezi mitatu yote alikuwa akijifunza maneno yangu, herufi hazikumwingia. Alikuwa na kumbukumbu ya ajabu, na kumbukumbu hiyo ndiyo iliyomficha. Darasa lililomkataa kabla yangu, ambalo sitalitaja, walau liliona kwamba hasomi, ingawa lilimwambia ameshazeeka arudi kwenye samaki wake. Mimi sikuona kitu, nami ndiye niliyesimama mbele yake mara mbili kwa wiki. Tangu siku ile sijaamini tena uitikiaji wa darasa zima. Kila mwanafunzi mpya sasa nakaa naye peke yetu dakika tano, namwonyesha maneno yaliyochanganywa, kabla mwezi wa kwanza haujaisha.

Macho, masikio, shule

Ni rahisi kurukia jina la tatizo. Mtu wa miaka 47 asiyeweza kusoma anaweza kuwa na sababu nyingi, na nyingine zinatibika kwa siku moja. Nilianza na macho. Kuanzia miaka arobaini hivi lenzi ya jicho hupoteza wepesi wake, na maandishi ya karibu hufifia hata kwa mtu anayeuona mtumbwi ulio mbali ziwani. Nilimpa kitabu, akakisogeza mpaka mkono ukanyooka. Alikwenda kituo cha afya, akapata miwani ya kusomea, akarudi akicheka kwamba sasa anaona hata nyuzi za karatasi. Herufi zilikuwa wazi kabisa, lakini kusoma kukabaki vile vile.

Masikio yalikuwa mazima. Nilisimama nyuma yake nikamnong'oneza bei za samaki, akanijibu zote na mbili akazipunguza.

Kisha shule. Darasa la tatu alilirudia mara mbili, katika miaka ya themanini, akatolewa ili ada imsaidie mdogo wake. Mpaka hapo ungesema ni umaskini, na umaskini ulikuwepo. Elimu ya msingi bila ada ilipoanza Uganda mwaka 1997 yeye alikuwa na miaka ishirini na mtoto mgongoni. Lakini mdogo wake aliketi dawati moja naye, kwa mwalimu yule yule, akasoma ndani ya muhula mmoja. Kaka yao mkubwa hakusoma kamwe, na baba yao vivyo hivyo, ingawa alipelekwa kwa wamisionari miaka miwili mizima. Disleksia hutembea katika ukoo, kwa hiyo nilipoyasikia hayo nilisogeza kiti karibu.

Jaribio nililomfanyia halihitaji karatasi. "Mama, sema samaki." Akasema. "Sasa sema samaki bila sa." Akafikiri: "Maki." "Vizuri. Sasa sema samaki, lakini toa ile ma ya katikati." Kimya. Alitazama bati la paa, akahesabu kwa vidole, akaanza, akaacha, mwisho akasema, "Sama." Kijana wa boda boda aliyekuwa akisubiri mlangoni, ambaye ana wiki sita tu darasani, akajibu papo hapo: "Saki." Nikamwandikia mama maneno yasiyo na maana yoyote, silabi tupu. "Temubo" akalisoma "tembo". "Lagishe" akalisoma "lakini". Jicho lake lilikamata umbo la mwanzo, kisha akili ikatafuta neno linalofanana. Hiyo ni alama kubwa: mtu hasomi sauti moja baada ya nyingine, anabahatisha, tena anabahatisha kwa akili nyingi.

Kisha nikamuuliza habari ya fedha, na hapa naomba msomaji atulie kidogo. Wiki ile shilingi moja ya Kenya ilikuwa ikibadilishwa kwa 28 za Uganda. Nikamuuliza: debe likiuzwa shilingi 1,500 za Kenya, utapata ngapi zetu? Hakufunga macho wala kuhesabu vidole. "Elfu moja ni ishirini na nane elfu. Mia tano ni nusu yake, kumi na nne. Arobaini na mbili elfu. Ukinipa arobaini na moja nakataa." Anazungumza lugha nne. Anakumbuka madeni ya watu sitini. Mtu wa namna hii akiambiwa hana akili, aliyesema ndiye hajaangalia.

Sikumwandikia jina la ugonjwa, maana mimi si mtaalamu wa kupima. Wataalamu wa elimu ya mahitaji maalumu wengi husomea Chuo Kikuu cha Kyambogo, na kazi yao kubwa iko kwa watoto wa shule, si kwa mama wa sokoni mwenye miaka 47. Ila dalili zilikuwa zile zile za disleksia. Hilo lilitosha kubadilisha namna ya kumfundisha. Tukisubiri cheti cha mtaalamu ndipo tuanze kusaidia, hatutasaidia mtu.

Kuna jambo linalohusu Kiswahili chenyewe ambalo sikulijua kabla ya kisa hiki. Kiingereza humfichua mapema mtu mwenye disleksia, kwa sababu maandishi yake hayalingani na matamshi. Kiswahili, kama Kitaliano na Kihispania, kina herufi zinazofuata sauti, na kwa hiyo mwenye tatizo hili huweza hatimaye kusoma neno sawasawa, ila polepole mno. Na maneno yetu ni marefu. Anapofika mwisho wa "hawajanilipa" mwanzo umeshamponyoka. Mwezeshaji anasikia neno lililosomwa sawa, anaweka tiki na kupita. Ule usomaji wa polepole haumshtui, anaudhani uzee.

"Mimi si kichaa"

Hapa tulikwama karibu mwezi mzima. Nilimweleza kwa nia njema kwamba sheria ya Uganda ya watu wenye ulemavu, ya mwaka 2020, inautambua ulemavu wa kujifunza, na kwamba inakataza kubaguliwa katika elimu. Aliuliza umeandikwa wapi. Nikamwambia ukweli: kwenye orodha ya sheria hiyo umewekwa ndani ya fungu la ulemavu wa akili, pamoja na maradhi ya akili. Akasimama, akafunga leso kiunoni. "Mimi si kichaa, mwalimu. Nina watoto watano na kibanda."

Hakuja wiki mbili.

Nilimfuata sokoni. Sikumsemesha juu ya sheria, nilinunua gorogoro mbili na kumwomba radhi. Naamini hadi leo kwamba waliotunga orodha ile walitaka kuwaingiza watu wengi iwezekanavyo kwenye ulinzi, na ulinzi huo tunauhitaji. Lakini mtu aliyeitwa mjinga tangu utotoni hawezi kuvalishwa neno jingine linalosikika vile vile na kuambiwa ashukuru. Tangu hapo kati yetu tulitumia maneno yake mwenyewe: "herufi zinanigeuka." Aliporudi darasani wenzake walimuuliza alikuwa wapi, akawajibu hivyo hivyo: "Herufi zinanigeuka, mwalimu ananitafutia njia." Wanawake wawili walimfuata baada ya darasa kumnong'oneza kwamba na wao zinawageuka.

Debe, bakora na daftari

Tulikubaliana dakika kumi peke yetu kabla ya kila darasa, Jumanne na Alhamisi, saa tisa alasiri, soko likiwa limepoa. Hazikuzidi kumi. Mtu anayesoma kwa taabu huchoka kama aliyebeba gunia, na dakika ya kumi na moja huharibu zile kumi.

Neno la kwanza alilolitaka lilikuwa "debe", na ndilo lililokuwa baya kuliko yote, kwa kuwa lina d na b ndani yake. Aliliandika "bede", akaliandika "bebe", akaliandika "dede". Kumwambia "d inatazama kushoto" hakukusaidia, maana kushoto na kulia navyo vilimgeuka. Tulichukua sinia, tukatandaza unga wa mahindi, akaandika kwa kidole huku akisema kwa mdomo kile mkono unachofanya. Ya d: "Duara kwanza." Ya b: "Bakora kwanza." Herufi d inaanza na duara, na neno duara linaanza na d. Herufi b inaanza na kijiti kilichosimama, kama bakora, na bakora inaanza na b. Siku ya kwanza aliandika "debe" mara ishirini ndani ya unga, akilitamka taratibu, duara kwanza, bakora kwanza, mpaka unga ukaingia kwenye mikunjo ya kidole. Kufundisha kwa mkono, mdomo, jicho na sikio kwa wakati mmoja si uvumbuzi wangu. Samuel Orton na Anna Gillingham waliianza njia hiyo Marekani miaka ya 1930, na mbinu nyingi za kuwasaidia wenye disleksia zimetoka kwao. Bakora na duara ndivyo vilivyokuwa vyetu.

Ukimwona leo sokoni akiandika, midomo yake bado inacheza. Bakora. Duara.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa yale maneno marefu, na hapo Kiswahili, kilichotupa tatizo, kikatupa na dawa. Maneno yetu yamejengwa kwa vipande vyenye maana. Nilikata katoni za sabuni kuwa vikadi. Kwenye kadi nyekundu niliandika ni-, u-, a-, ha-. Kwenye kadi nyeupe -me-, -ta-, -ja-. Na kwenye kipande kikubwa cha kahawia, -lipa. Nikavimwaga mezani. "Mama, andika kwamba katekista amelipa." Akatafuta a, akatafuta me, akasukuma lipa. Amelipa. "Muuza uji je?" Akacheka: "Huyo hajalipa." Ha, ja, lipa. Hakuwa tena anavuka silabi nne zisizosema kitu. Alikuwa anapanga vitu vitatu, kila kimoja na kazi yake, kama anavyopanga mafungu ya samaki. Tulipoongeza kipande kidogo -ni- tukapata hajanilipa, akakisoma mara mbili, akasema, "Kumbe neno hili ni watu wawili." Yule ambaye hajatoa, na mimi ninayedai. Nimefundisha miaka mingi na sijapata kusikia sarufi ikielezwa vizuri hivyo.

Daftari la madeni lilitoka hapo. Sikuziondoa alama zake. Kushoto mwa kila ukurasa alichora gurudumu, chungu, msalaba, kofia, vile vile kama mlangoni, na pembeni tukaandika jina, kisha amelipa au hajalipa, kisha tarehe. Wapo watakaosema nilimwachia mkongojo. Alama zile zilikuwa maandishi yake kabla hajanijua, na zilifanya kazi miaka kumi na mmoja. Baada ya miezi kadhaa aliacha kuchora kofia na msalaba, kwa hiari yake, kwa sababu majina hayo alikuwa ameyazoea. Gurudumu analichora mpaka leo. Jina la kijana huyo ni refu, na mimi sioni ubaya.

Kijana mwenyewe wa boda boda, biashara ambayo jina lake lilizaliwa hapa kwetu kwa kuvusha watu kutoka mpaka mmoja hadi mwingine, ndiye niliyemwomba awe mwenzake wa kusoma. Niliogopa heshima ingeharibika, kijana kumwelekeza mama wa umri wa mzazi wake. Nilichokifanya ni kuwapa kazi mbili: yeye amsomee mama sentensi polepole mama akifuata kwa kidole, na mama amfundishe kubadili fedha kichwani bila simu. "Mwanangu, usiguse simu, fikiri!" alimkaripia kila Alhamisi. Hakuna aliyekuwa mdogo kwa mwenzake.

Tulihangaika pia na ujumbe wa pesa za simu. Kwa miaka mingi alikuwa akimkabidhi wakala simu pamoja na namba yake ya siri, na siku moja salio likapungua bila maelezo. Ujumbe huja kwa Kiingereza, lakini hakuhitaji Kiingereza chote. Alijifunza kutafuta vitu vitatu: jina la aliyetuma, kiasi, na salio. Na namba ya siri akaibadilisha mwenyewe, kidole chake mwenyewe.

Mambo kadhaa hayakufaa. Mfadhili mmoja alituachia karatasi za plastiki za rangi za kuwekea juu ya maandishi, mama akazijaribu wiki tatu, na hakukuwa na tofauti. Baadaye nilijifunza kwamba utafiti haujaonyesha kwamba zinaondoa disleksia. Kazi za nyumbani nazo ziliharibu, kwa sababu nyumbani kulikuwa na mume aliyezitazama juu ya bega lake. Na kosa langu baya zaidi: tuliposikia msimamizi anakuja kukagua, nikaacha vikadi nikamrudisha kwenye kitabu ili afanane na wenzake. Wiki mbili za haraka hiyo zilimrudisha nyuma miezi miwili. Alianza tena kukariri.

Mtihani

Kisomo cha watu wazima chenye manufaa kilianza kwa majaribio nchini mwaka 1992, chini ya wizara inayoshughulikia jinsia, kazi na maendeleo ya jamii, na siku hizi kimefungamanishwa na vikundi vya akiba na kazi za kuongeza kipato. Nakubaliana na mwelekeo huo. Ila upimaji wa mwisho tulioletewa ulikuwa ule wa zamani: kusimama mbele ya wenzako, kusoma aya usiyoijua, saa ikitazamwa. Mama Mukene alisimama, akashika karatasi, ikatetemeka. Akasoma maneno manne. Akaketi.

Nilimwomba msimamizi ampime tena kwa namna nyingine, akasema itakuwa upendeleo. Sikubishana naye kwa maneno yangu. Nilimkumbusha kwamba baraza la taifa la mitihani lenyewe, UNEB, huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 45, na disleksia wanaitambua. Kama mtoto wa darasa la saba anastahili muda, kwa nini mama yake asistahili? Alifikiri. Jumanne iliyofuata alikuja kibandani, si darasani. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mama akamfungulia daftari la madeni, akamsomea kurasa tatu, akamwandikia deni jipya mbele ya macho yake: la msimamizi mwenyewe, gorogoro moja, atalipa Ijumaa. Alifaulu.

Hali yake leo naiandika bila kuipamba. Tulipoanza alisoma maneno sita kwa dakika, ya orodha asiyoijua. Baada ya miezi kumi na minne anasoma ishirini na nne. Kijana wa boda boda anasoma zaidi ya themanini. Gazeti bado linamshinda, na barua ndefu anasomewa. Lakini fomu ya mpakani anaijaza. Wafanyabiashara wadogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, wa bidhaa zilizo kwenye orodha ya pamoja, hupata pale forodhani cheti kilichorahisishwa cha asili ya bidhaa, na hawatozwi ushuru wa forodha. Miaka yote aliyaogopa maandishi yale, akamlipa mtu amjazie, au akapita njia za panya gizani na hatari zake zote. Sasa anabeba kadi tuliyoinakili pamoja, yenye jina lake, neno la bidhaa, kiasi na thamani, anaiweka kando ya fomu na kunakili, duara kwanza, bakora kwanza. Humchukua robo saa. Watu walio nyuma yake kwenye foleni humgunia, naye haharakishi.

Ukijumlisha dakika zetu zote za peke yetu, na likizo ukizitoa, hazizidi saa ishirini. Katoni tuliziokota, unga aliuleta yeye. Nasema haya kwa sababu kila ninapolieleza jambo hili mtu husema halina bajeti.

Mwezi uliopita alikuja na mwanawe wa mwisho, wa darasa la tano. Hakusema kitu. Alimkalisha, akaniomba nimuulize lile la samaki. Mtoto akatoa sa vizuri. Nilipofika kwenye ma ya katikati akatazama bati la paa, akaanza kuhesabu vidole, na mama akageuza uso akatazama barabarani.

Shule ya mtoto inabidi imwombee msaada kwa UNEB mapema, kabla watahiniwa hawajaandikishwa, na mwalimu mkuu amesema mtoto ni mvivu tu. Tunakwenda kumwona Alhamisi. Mimi nilitaka kuandika barua, akakataa, akaiandika mwenyewe siku mbili, mistari minne: kwamba yeye ni mama yake, kwamba mtoto si mvivu, kwamba herufi zinamgeuka kama zilivyomgeuka yeye, kwamba anaomba aongezewe muda. Kuna neno moja ameliandika vibaya. Nilipomwonyesha alilitazama kwa muda, akaniuliza kama mwalimu mkuu ataelewa hata hivyo. Nikasema ataelewa. "Basi liache," akasema, akaikunja barua na kuitia ndani ya daftari, ukurasa wa gurudumu.